Koti la Kidosho

Jina la Mama Mizani hatukumpa sisi watu wa mradi. Alikuja nalo kutoka kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake, alikopima mahindi ya watu kwa miaka ishirini na miwili bila kumpunja hata mlevi. Pale palikuwa na mizani mbili, lakini foleni ilikuwa upande wake tu, na mpimaji wa upande wa pili alishinda akisinzia kwa hasira. Siku moja mjomba alimnong'oneza aegemeze kidole, kidole kimoja tu, kwenye sahani ya mizani wakati mteja anatazama pembeni. Mama Mizani alivua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake nyumbani. Ilibidi mjomba, mtu mzima na kipara chake, amfuate kumwomba radhi mbele ya watoto.

Nayasema haya mapema ili mumjue, kwa sababu mwanamke huyo huyo alipima uongo kwa miezi kumi na minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuandika.

Nilikuwa karani wa mradi. Mtaani waliniita Kalamu, nami sikukasirika, maana nimeshaitwa mabaya zaidi. Shirika letu lilitoka ng'ambo, na ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kila karatasi yetu ilinuka rangi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kila mwezi tuwapime watoto wadogo wa mtaa wa wachoma matofali, tujaze kadi zao, na mtoto ambaye uzito wake umeangukia kwenye rangi nyekundu apewe unga wa lishe na apelekwe zahanati. Makao makuu walisisitiza jambo moja: dini isiingie. Mtaa ule una msikiti upande huu na kanisa upande ule, nao hawakutaka tuonekane tumelalia popote. Tukajenga banda katikati, tukalipaka rangi ya buluu, tukaweka benchi. Mwezi wa kwanza walikuja watoto tisa na mbuzi wanne. Mwezi wa pili mbuzi waliongezeka.

Mama Mizani, ambaye tulimwajiri kwa ajili ya jina lake, alikaa kwenye benchi lile miezi mitatu akifuma soksi. Kisha akapanda ngazi mpaka kwa Meneja.

"Bwana Meneja, wale akina mama wanabeba matofali toka asubuhi. Wakipata nafasi ya kupumzika, hawaji kupumzikia bandani."

"Wanapumzikia wapi?"

"Kwa Mungu. Ijumaa mchana wako msikitini, Jumapili wako kanisani. Wameshaoga, watoto wameshaoga, hawana haraka. Nipe ruhusa nihamishe mizani tu."

Meneja alikuwa mtu mwema aliyeogopa makao makuu kama mtoto anavyoogopa sindano. Aliandika barua, ikajibiwa, akaandika nyingine. Mwishowe tukaruhusiwa kujaribu kwa mwaka mmoja na nusu. Kwenye barua ya ruhusa, msikiti na kanisa viliitwa "njia za kuifikia jamii". Mama Mizani aliniambia nimsomee tena hapo, akacheka mpaka akafuta macho.

"Njia? Kwani wanadhani watu pale wanapita tu?"

Imamu, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alitupa ukumbi wa madrasa. Mchungaji, mfupi na mcheshi kupita kiasi, alitupa chumba cha kwaya. Mchungaji akawatangazia waumini kwamba watoto wa kanisani lazima wawashinde kilo watoto wa msikitini. Imamu alipopata habari akatuma salamu kwamba ikiwa ni mashindano ya kilo, basi Mchungaji mwenyewe asipande mizani, atawaonea wenzake. Mwezi wa kwanza walikuja watoto mia moja na themanini. Mimi ambaye kanisani huonekana kwenye harusi na mazishi tu, nikawa sikosi Jumapili wala Ijumaa, na mama yangu mzazi akadhani nimeokoka.

Sasa nifike kwenye kosa. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa na mfuko wa kitambaa anaowekwa mtoto. Mwongozo ulisema mtoto avuliwe nguo kabla ya kupimwa. Ijumaa ya kwanza kabisa Mama Mizani alinyoosha mkono kwenye kifungo cha mtoto, na bibi mmoja, kiongozi wa wanawake pale msikitini, akaushika ule mkono.

"Mwanangu, hapa ni nyumba ya Mungu. Unamvua mtoto mbele za watu?"

Jumapili kanisani tuliambiwa yale yale kwa maneno laini zaidi. Mama Mizani akarudisha mkono. "Tumekuja kumpima mtoto," aliniambia, "hatukuja kumwaibisha mama yake." Nikaona ni busara, na hata leo nakiri ilikuwa adabu njema.

Ila mkumbuke kwamba mtoto anayekwenda kwa Mungu huvaa kilicho bora. Katika mtaa ule, wiki nzima watu wote wana rangi moja, rangi ya vumbi la matofali. Ijumaa na Jumapili ndipo mama alipoweza kuonyesha kwamba bado hajashindwa na maisha. Watoto walikuja na makoti ya sufu ya mitumba, buti, magauni mawili moja juu ya lingine, na kofia za kufuma zilizofungwa kidevuni. Walipojua siku ya kupima ni ipi, waliongeza. Nilimwona mtoto mmoja hawezi kukunja viwiko kwa wingi wa nguo, na Mama Mizani akamtania kwamba amekuja kama gunia la pamba. Tukacheka. Halafu akasoma uzito, nami nikaandika.

Fomu ilikuwa na kisanduku: mtoto amevuliwa nguo, ndiyo au hapana. Fomu yenye "hapana" makao makuu waliirudisha ijazwe upya. Niliweka alama kwenye "ndiyo". Niliiweka mara elfu mbili na kitu, na mkono ukishazoea haukuulizi tena.

Takwimu zikapanda. Meneja alibandika chati ukutani, na kila mwezi kijani kilikula nyekundu. Mwezi wa saba mtoto wa fundi viatu alifariki, mvulana wa miaka miwili na nusu. Walisema ni homa. Kadi yake ilikuwa ya kijani toka mwanzo hadi mwisho. Tulikwenda kuzika, mimi na Mama Mizani, tukawapa mkono wazazi, tukasema kazi ya Mungu haina makosa.

Mwezi wa kumi na nne ikaja barua kwamba mtathmini anakuja kutoka makao makuu. Akiridhika, upimaji wa msikitini na kanisani ungeenea wilaya nzima. Na kwa kuwa watoto wetu walikuwa wamenawiri, unga wa lishe wa mtaa wetu ungehamishiwa kwingine kwenye shida zaidi. Meneja alifurahi mpaka akanunulia ofisi nzima soda. "Tumefaulu mpaka tunanyang'anywa unga," alisema, na sote tukaona ni utani mzuri.

Mama Mizani alikuwa na mjukuu mmoja tu, binti wa mwanawe aliyekwenda mbali kujenga barabara. Bibi yake alimwita Kidosho, kwa uzuri wake. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, akiishi na mama yake mitaa miwili kutoka kwa bibi. Koti lake alilijua kila mtu: sufu nyekundu, vifungo vikubwa, kola ya manyoya. Mama Mizani alilinunua mwenyewe pamoja na buti, na Jumapili alikuwa akimwinua Kidosho juu watu wamwone kabla ya kumtia kwenye mfuko.

Siku kumi na mbili kabla ya mtathmini kufika, kwenye chumba cha kwaya, Kidosho alikuwa ameshapimwa na mimi nimeshaandika, ndipo alipolitapikia lile koti. Bibi yake akamchukua pembeni kumsafisha. Mama Mizani huongea na kila mtoto, hata aliyelala. Nilisikia ameacha kuongea, nikageuka. Kidosho alikuwa amekaa kwenye benchi la kwaya na fulana tu. Mkono wake ungeuzungushia kidole gumba na cha shahada na bado ukabaki na nafasi. Mbavu zilihesabika.

Mama Mizani alikusanya koti, magauni mawili, soksi, buti na kofia, akavitia vyote kwenye mfuko, akavitundika.

"Soma," akaniambia. Miezi yote ile hakuwa amewahi kuniambia nisome mimi.

Kilo moja na gramu mia sita. Akavitoa, akamtia mtoto. Kilo saba na gramu mia nne. Kwenye kadi, wino wangu haujakauka vizuri, palikuwa na kilo tisa kamili, kijani. Kilo saba na gramu mia nne kwa umri ule ni nyekundu ya kukimbiza mtoto zahanati.

Alimvika tena, kifungo kwa kifungo, akamrudisha kwa mama yake, akamwambia asiondoke. Kisha akamaliza foleni ya watoto waliobaki. Sijui aliimaliza vipi.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi za ofisi na koti kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka juu ya meza ya Meneja, akaeleza. Meneja alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalipima kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Wangapi wako hivi?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

"Mama, nakuomba jambo moja tu. Mtathmini aje, aone, aondoke. Halafu tutarekebisha polepole, mwezi kwa mwezi."

"Na unga?"

Meneja alilirudisha koti mezani. Nimeshasema alikuwa mtu mwema, na wema ndio uliomtesa pale. "Ukisema sasa," akaendelea, "kuna watu kule wamesubiri miezi kumi na minne waseme tuliwaambia, dini na kazi hii havipikwi chungu kimoja. Tutarudishwa bandani, mama. Utapima mbuzi."

Hapo nami nikatia langu, la kipumbavu. Nikasema labda tupunguze kilo moja na nusu kwa kila mtoto kwenye daftari, kimya kimya. Mama Mizani alinitazama mpaka nikatamani ngazi ile inimeze.

"Kalamu, wengine walikuja na shati tu. Utawapunguzia na hao?" Akamgeukia Meneja. "Mimi nimepima mahindi miaka ishirini na miwili. Sijawahi kupima gunia mwenyewe akiwa amekaa juu yake. Kitabu changu na kitabu cha Imamu havikubaliani mambo mengi, ila mpunja mizani vyote viwili vimemlaani. Na mimi nimewapunja watoto. Mtathmini atanikuta napima sawasawa. Kama hutaki, niambie sasa nivue aproni."

Meneja alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakumwambia avue, naye akalichukua koti lake akashuka.

Kabla ya hapo, Jumapili ile ile mchana, tulikuwa tumekwenda zahanati na Kidosho na mama yake, mkwewe Mama Mizani, kisha tukamsindikiza nyumbani mimi nikiwa nimebeba kopo la unga wa lishe. Ni chumba kimoja, kitanda, pazia, jiko la mkaa, na juu ya jiko sufuria ya uji mwepesi mpaka unaona kitako chake. Mama Mizani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Mkwewe alikuwa akimpa mtoto unga kwa kijiko na hakuinua uso. "Ningekuambia nini, mama? Mwanao hajapiga simu miezi mitano. Kule tanurini wametupunguzia zamu. Nikasema nitajikaza, nisimchafue mume wangu kwa mama yake."

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimwona. Nikimbeba mgongoni nilihisi amekuwa mwepesi. Lakini kila mwezi unaniambia kijani. Unamwinua watu wamwone." Akaweka kijiko chini. "Mimi nani, nibishane na Mama Mizani?"

Mama Mizani alilia kwa sauti. Sikumwona akilia alipomzika mumewe, lakini siku ile alilia juu ya ndoo, kanipa mgongo, na yule binti akaacha kumlisha mtoto akaja kumshika mabega. Mimi nilisimama na kopo mkononi kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Jumanne aliwakutanisha Imamu na Mchungaji kwenye ukumbi wa madrasa, akawaeleza yote bila kupunguza. Mchungaji alianza na mzaha, ukamfia mdomoni. Imamu aliuliza maswali mawili matatu.

"Hapa kila mtu anavua viatu mlangoni," alisema hatimaye, "tajiri na maskini. Na siku ya mwisho tunawavika wote nguo moja, nyeupe. Aibu iko wapi?"

"Na mimi watoto wa ubatizo nawavisha kanzu nyeupe," akasema Mchungaji. "Mtoto wa mwenye tanuri na mtoto wa mbeba matofali, huwajui nani ni nani, mpaka waanze kulia."

Wakamwita yule bibi aliyemshika Mama Mizani mkono. Alikuja na fimbo yake, akasikiliza, akaguna. Mimi nilijiandaa kwa hotuba ndefu.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Lakini uchi kabisa, hapana. Washoneeni kitu."

Basi wakashona. Wanawake wa kwaya na wanawake wa msikiti walikaa siku tatu kwenye ukumbi ule na cherehani mbili, wakashona vigauni sitini vya bafta nyeupe, vyote saizi mbili tu. Mama Mizani alikipima kila kimoja. Alitaka gramu arobaini, na kilichozidi alikipunguza pindo kwa mkasi mpaka wenye cherehani wakamwambia aende nyumbani akapumzike.

Mtathmini alifika siku ya Ijumaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vya kutembelea mbali na daftari dogo. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Imamu alikuwa ametangaza utaratibu mpya baada ya sala, kwa maneno machache, na sasa akina mama walikuwa wamejaa ukumbini, watoto mapajani wamevimba kwa nguo. Vigauni vilikuwa mezani vimekunjwa vizuri. Mama Mizani alisimama kando ya mizani tupu.

"Haya, karibuni," alisema.

Hakuna aliyeinuka. Niliona mama mmoja akikaza koti la mwanawe kifuani. Mwingine akaanza kukusanya viatu. Kila mama anajua kilicho chini ya koti la mwanawe, na jirani yake naye anajua cha kwake, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Meneja alikuwa karibu na dirisha, jasho linamtoka. Mtathmini akaniuliza kwa sauti ndogo tunasubiri nini. Nikamjibu sijui.

Ndipo mkwewe Mama Mizani akaingia, na Kidosho mgongoni. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Alikuwa mtu wa kanisani, hakuwahi kukanyaga pale, amejifunika mtandio kwa adabu na kuvua viatu mlangoni. Alipita katikati ya wanawake wote mpaka mezani, akafungua vile vifungo vikubwa yeye mwenyewe, kimoja kimoja, akavua koti, akavua magauni, akachukua kigauni cha juu kabisa akamvika.

"Mpime huyu kwanza, mama," alisema. "Wamjue ni mjukuu wa nani."

Mama Mizani alimtia Kidosho kwenye mfuko. Mtoto akabembea kidogo, akatulia.

"Kilo saba na gramu mia sita," alisoma, sauti ile ile ya mashine ya kusaga iliyokuwa ikisikika mpaka barabarani. "Nyekundu. Siku kumi na mbili zilizopita nilisema kilo tisa. Kilichozidi ni koti nililonunua mwenyewe. Nimewadanganya, wanangu, na nimejidanganya. Nisameheni."

Yule bibi wa fimbo ndiye aliyefuata. Alimleta kitukuu chake, akamvua nguo kwa vidole vya uzee, akagombana na kila aliyetaka kumsaidia. Kisha mama aliyekuwa amekaza koti. Kisha wakapanga foleni.

Siku ile tulipima watoto tisini na wanne. Mwezi uliotangulia, msikitini pale pale, wekundu walikuwa wawili. Siku ile walikuwa thelathini na mmoja.

Mtathmini alisubiri mpaka wa mwisho. Kisha akaomba lile koti, akalitundika yeye mwenyewe, akasoma, akaandika kwenye daftari lake. Akafungua fomu zetu za nyuma, akaweka kidole kwenye kisanduku cha "ndiyo", akaniuliza nani alijaza. Nilikuwa mkalimani, kwa hiyo nilijitafsiria swali mwenyewe na kulijibu mwenyewe. Nikasema ni mimi.

Akamgeukia Mama Mizani. "Mngepima kwenye lile banda la buluu, mngefuata mwongozo. Kosa hili lisingetokea."

Nilitafsiri. Mama Mizani alifikiri kidogo.

"Mwambie ni kweli. Wangevuliwa nguo wote tisa."

Mtathmini alitabasamu kidogo, ingawa macho yake hayakuwa na furaha, akaandika na hilo.

Wilaya nzima hatukupewa, angalau si mwaka ule. Makao makuu waliandika kwamba takwimu za miezi kumi na minne hazifai kitu, na walikuwa sahihi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaisaini bila kinyongo. Meneja alibandua chati yake ukutani mwenyewe, akaikunja, akaiweka kabatini. Lakini unga haukuhamishwa, uliongezwa. Na upimaji ulibaki msikitini na kanisani, kwa sababu mtathmini aliandika, nami niliusoma ule mstari, kwamba hajaona mahali pengine ambapo akina mama tisini wangekubali kusikia habari kama ile wakarudi tena mwezi uliofuata. Walirudi. Banda wameachiwa mbuzi.

Kidosho alichukua miezi mitano. Jumapili moja, ndani ya kigauni chake cha gramu arobaini, mshale uligusa kilo tisa kamili, uzito ule ule niliowahi kumwandikia akiwa na koti. Kwaya ilipiga vigelegele. Mama yake Kidosho alicheka huku anajifuta machozi. Mimi nilimtazama Mama Mizani nikitegemea atamwinua mtoto juu kama zamani. Alimbusu kichwani, akamrudisha kwa mama yake.

"Kalamu, lile daftari la fomu za zamani liko wapi?"

"Ofisini."

"Kesho lilete. Nataka mwezi wa saba."

Nilijua anataka nini. Nilikuwa nimekwepa ukurasa ule kwa miezi mitano. Kesho yake nilimfungulia, nikamsomea: mtoto wa fundi viatu, kilo kumi na moja, kijani, amevuliwa nguo, ndiyo.

"Chukua mizani," akasema. "Twende."

Fundi viatu hakuwepo. Mke wake alikuwa kibarazani anachambua mchele, akatukaribisha, akaleta kigoda. Mama Mizani hakukaa. Alimweleza amesimama, yote, makoti na buti na kisanduku, na kwamba huenda ilikuwa homa kweli, na huenda homa ilimkuta mtoto hana nguvu za kupigana nayo, na kwamba sisi ndio tuliopaswa kuliona hilo na hatukuliona. Hakusema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nilitazama mchele.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko muda, nikadhani hatatoka tena. Akatoka na jozi ya buti ndogo za ngozi nene, soli zimekatwa kwenye tairi la gari, kazi ya mikono ya baba mtu.

"Nguo tulimzika nazo," alisema. "Viatu baba yake alikataa. Vipimeni."

Mama Mizani alitundika mizani kwenye boriti ya mlango. Mfuko uliyumba, ikabidi tusubiri utulie.

"Gramu mia sita na ishirini," alisoma.

Yule mama akanigeukia mimi. "Si wewe ndiye unayeandika?"

Nikafungua mwezi wa saba. Nikafuta "ndiyo" yangu, nikaweka alama kwenye "hapana", na pembeni ya jina la mtoto, mahali ambapo fomu haikuacha nafasi, nikaandika uzito wa viatu.